Ahadi ya tani 150,000: katibu wa chama wa mkoa wa Ryazan, Alexei Larionov, 1948 hadi 1960

Mleta mada, bandiko la 1

Ndugu wanajamvi, salaam.

Tunapojadili Umoja wa Kisovieti humu ndani, mara nyingi tunaishia kwa wakubwa wa Kremlin, kana kwamba nchi kubwa kiasi kile iliendeshwa na watu kumi waliokaa chumba kimoja. Leo naomba tushuke ngazi moja, twende kwa katibu wa kwanza wa kamati ya Chama cha Kikomunisti ya mkoa, ambaye Warusi humwita katibu wa obkomu. Huyo ndiye aliyekuwa na mkoa mkononi, na ndiye aliyetakiwa kuyageuza maneno ya Moscow yawe nyama, maziwa na nafaka. Nimemchagua Alexei Nikolayevich Larionov, aliyeuongoza mkoa wa Ryazan, kiasi cha kilomita 200 kusini mashariki mwa Moscow, kwa miaka 12.

Larionov alizaliwa mwaka 1907 kaskazini mwa Urusi. Alikuwa wa kizazi cha makada waliopanda haraka kwa sababu misako ya Stalin ya 1937 na 1938 iliwafagia waliokuwa juu yao, na viti vikabaki wazi vikisubiri vijana. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alikabidhiwa mkoa wa Yaroslavl akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Yaroslavl ilikuwa na kiwanda cha matairi ambacho jeshi lilikitegemea, na ndege za Wajerumani zilikipiga mabomu mwezi Juni 1943, kwa hiyo katibu wa mkoa kule hakuwa mtu wa hotuba tu. Aliulizwa kila siku matairi mangapi yametoka na kwa nini hayakutoka zaidi. Alipofaulu mtihani huo alipelekwa Moscow mwaka 1946, katika ofisi za Kamati Kuu ya chama zilizoshughulikia makada, na mwaka 1948 akatumwa Ryazan. Mwaka 1952 akawa mjumbe wa Kamati Kuu yenyewe.

Kwa miaka 10 hakuna jambo la ajabu la kusimulia. Alikuwa katibu kama makatibu wengine: kuhimiza kilimo cha masika, kuhimiza mavuno, kukemea makatibu wa wilaya, kuandika ripoti. Jambo ninalotaka tulijadili lilianza Mei 22, 1957, pale Nikita Khrushchev, kiongozi mkuu wa Umoja wa Kisovieti wakati huo, aliposimama Leningrad na kutangaza kwamba nchi yake itaifikia na kuipita Marekani kwa nyama, siagi na maziwa kwa kila kichwa cha mwananchi katika miaka michache tu. Wataalamu wa uchumi walikuwa wamemwambia kwamba kwa nyama jambo hilo lingewezekana kufikia 1975. Yeye aliwataja wataalamu hao katika hotuba hiyo hiyo, akawacheka.

Nyama ilitakiwa iongezeke zaidi ya mara 3. Ilibaki kupatikana mkoa wa kuonyesha kwamba inawezekana, na mkoa huo ukawa Ryazan. Mwaka 1958 Ryazan iliiuzia serikali tani zisizozidi 50,000. Larionov akaahidi kwamba mwaka 1959 itauza tani 150,000. Ahadi hiyo ilichapishwa katika gazeti la chama, Pravda, Januari 9, 1959, kwa msukumo wa Khrushchev mwenyewe na licha ya pingamizi la idara ya kilimo ya Kamati Kuu. Mikoa mingine, ikiwemo Stavropol, Krasnodar na Moscow, ikaona aibu kubaki nyuma, nayo ikaahidi kuongeza mara 2 au zaidi.

Sasa angalieni kilichofuata. Februari 1959, ahadi ikiwa na mwezi mmoja tu, Khrushchev alikwenda Ryazan na kuutunukia mkoa Nishani ya Lenin. Nyama yenyewe ilikuwa bado inatembea kwa miguu minne, na nyingine ilikuwa haijazaliwa. Hapo ndipo ninapoona mlango ulifungwa kwa Larionov: mkopaji akishasaini anaweza kurudi kuomba muda, lakini aliyekwisha kuvishwa nishani kwa deni ambalo hajalilipa atarudi kwa nani na kwa uso gani?

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, ahsante kwa uzi wenye nyama, kwa maana zote mbili. Mimi ni mfugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa, na naomba niingie kwa hesabu za zizini kabla hatujafika kwenye siasa.

Ng'ombe jike hubeba mimba miezi 9 na siku kadhaa, na huzaa ndama mmoja. Nusu ya ndama hao, kwa wastani, ni madume. Dume ukitaka akupe uzito wa kueleweka, na malisho yawe mazuri, anahitaji mwaka mmoja na nusu hivi. Mtamba hupandishwa akiwa na miezi 15 hadi 18, na kwa wafugaji wengi anazaa mara ya kwanza akiwa amevuka miaka 2. Kwa hiyo anayekuahidi Januari kwamba Desemba atakuletea nyama mara 3 ya mwaka jana, hakuahidi kufuga. Anaahidi kuchinja. Wanyama watakaofika machinjioni mwaka huo wamekwisha kuzaliwa tayari, na idadi yao inajulikana.

Mtu anaweza kusema nguruwe, maana nguruwe huzaa baada ya siku 114 tu na huleta watoto 8 au 10 kwa mzao. Ni kweli, ila nguruwe hawali majani ya bure. Wanakula nafaka na viazi, na hivyo navyo lazima vilimwe mwaka uliotangulia.

Mimi mwenyewe mwaka mmoja wa ukame niliuza mitamba ili nilipe madeni. Pesa niliishika, lakini kwa miaka 3 ndoo ya maziwa ilikuwa inajaa nusu tu. Swali langu kwa mleta mada: hizo tani 150,000 zilifikaje, au hazikufika?

Mleta mada, bandiko la 2

Mkuu, umenitangulia, na umelieleza kuliko ambavyo ningeweza.

Kwenye karatasi zilifika. Katikati ya Desemba 1959 ilitangazwa kwamba Ryazan imeuzia serikali tani 150,000, mara 3 ya mwaka uliotangulia, na mkoa ukaahidi tena tani 180,000 kwa mwaka 1960. Larionov akapewa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, medali ya nyota ya dhahabu kifuani.

Sasa njia zilizotumika. Kwanza walichinja wanyama wote waliozaliwa mwaka huo. Hawakutosha. Wakaingia kwenye ng'ombe wa maziwa na madume ya mbegu, yaani wakaanza kula mtaji. Hao nao hawakutosha. Ndipo wakaenda kwenye nyua za wanakijiji. Inafaa ieleweke kwamba mwanachama wa kolkhozi, lile shamba la pamoja, aliruhusiwa kumiliki ng'ombe mmoja wa nyumbani na kijishamba kidogo, na kwa familia nyingi maziwa ya watoto na senti za chumvi zilitoka kwa ng'ombe huyo. Ng'ombe hao walichukuliwa "kwa muda", kwa stakabadhi. Mwenye ng'ombe alibaki mlangoni ameshika kipande cha karatasi kinachosema atarudishiwa.

Hata hapo hesabu ilikataa. Mashamba ya pamoja yakatumwa mikoa jirani kununua mifugo kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya mashine, ujenzi wa shule na barabara, kisha mifugo hiyo ikahesabiwa kuwa ni nyama ya Ryazan. Mikoa jirani nayo ilikuwa na ahadi zake, kwa hiyo kila ng'ombe aliyevuka mpaka aliongeza sifa upande mmoja na kuacha pengo upande wa pili, huku nchi nzima ikibaki na ng'ombe wale wale. Miaka hiyo katika sehemu mbalimbali za nchi kulikuwa hata na mchezo wa kununua siagi dukani na kuipeleka serikalini kama mazao mapya ya shamba, na Khrushchev mwenyewe aliulalamikia mchezo huo mbele ya Kamati Kuu Januari 1961. Siagi hiyo hiyo iliweza kurudi dukani, ikanunuliwa tena, ikahesabiwa tena.

Kwa namna fulani, basi, nyama nyingi ilikuwa nyama kweli. Haikuwa kupika takwimu tupu. Mimi naona hilo ni baya zaidi, kwa sababu takwimu ya uongo unaweza kuifuta kwa kalamu, lakini ng'ombe wa maziwa aliyechinjwa hafutiki.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuelimishwa jambo moja. Huyu katibu alikuwa sawa na mkuu wa mkoa kama tunavyomjua? Na je, hapakuwa na baraza au mkaguzi wa kumwambia "ndugu katibu, simama hapo"?

Mleta mada, bandiko la 3

Swali zuri. Wazee wetu wa Tanzania watakumbuka kwamba baada ya uhuru mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa, kofia mbili kichwa kimoja. Kwa Wasovieti kofia zilikuwa za watu wawili: palikuwa na mwenyekiti wa kamati tendaji ya mkoa aliyesimamia shughuli za serikali, na palikuwa na katibu wa kwanza wa chama. Lakini kila mtu alijua nani anamwita nani ofisini. Mwenyekiti huyo alikaa kama mjumbe katika ofisi ya kamati ya chama iliyoongozwa na katibu, na wakuu wa polisi, usalama, viwanda na magazeti ya mkoa walipata nafasi zao kwa kibali cha chama.

Katibu mwenyewe kwa mujibu wa katiba ya chama alichaguliwa na kamati ya mkoa. Kwa kweli jina lilitoka Moscow, na wajumbe wakanyoosha mikono. Matokeo yake ni kwamba chini yake hapakuwa na mtu wa kumzuia, kwa sababu wote walimtegemea yeye, na juu yake palikuwa na watu wasioweza kuona zizi, wakaona ripoti tu. Gazeti la mkoa lilikuwa lake. Mkaguzi aliyetoka nje ya mkoa alipokewa na watu wake, akatembezwa kwenye mashamba yaliyochaguliwa na katibu.

Aliyelipwa kwa kusema kweli hakuwepo katika mpango huo mzima. Katibu wa wilaya aliyesema haiwezekani alipewa jina la mtu asiye na imani na nguvu za wananchi. Mwenyekiti wa kolkhozi aliyekataa kupeleka ng'ombe wa maziwa angeondolewa na nafasi yake kupewa atakayewapeleka. Hata Larionov naye, huko juu, alikuwa katika hali ile ile mbele ya Khrushchev, ndiyo maana siwezi kumtazama kama tapeli aliyeingia kwenye nyumba ya watu waaminifu.

Nitoke nje ya njia kidogo. Katika mji huo huo wa Ryazan, katika miaka hiyo hiyo, alikuwepo mwalimu wa shule aliyefundisha fizikia na jioni akiandika kwa siri kuhusu kambi za wafungwa. Aliitwa Aleksandr Solzhenitsyn. Mji mmoja ulikuwa na mtu aliyeandika yasiyotokea na kuvishwa nishani hadharani, na mtu aliyeandika yaliyotokea na kuyaficha.

Mchangiaji wa nne

Kwa heshima zote, mleta mada anamwonea huruma mno ndugu huyu. Kusema mfumo ulimbana ni kweli, lakini mfumo uliwabana makatibu wote, na hakuna mwingine aliyeahidi mara 3. Wengine waliahidi mara 2 au mara 2 na nusu, na wapo waliojificha nyuma ya ahadi ndogo ndogo wakaendelea na kazi zao hadi kustaafu. Yeye alitoka katika familia za kijijini, alikuwa na miaka zaidi ya 50, na alikuwa amekaa mkoa huo kwa muongo mzima. Hesabu aliyotupa mfugaji hapo juu alikuwa nayo kichwani kabla ya kuweka saini. Isitoshe, idara ya kilimo ilipinga ahadi hiyo kuchapishwa, kwa hiyo mlango wa kurudi ulikuwepo kwa siku chache, naye hakuupita. Alijua, akaweka dau kwamba Moscow nayo inajua na haitauliza. Kwetu tunasema funika kombe mwanaharamu apite. Yeye aliwafunikia wakubwa kombe, na waliopita chini yake ni wale wenye stakabadhi za ng'ombe.

Mleta mada, bandiko la 4

Ndugu, nakubali sehemu kubwa ya hoja yako, hasa hiyo ya umri na uzoefu. Ninachokataa ni neno dau, kwa sababu dau huwekwa na mtu anayeweza kutoka mezani. Hata hivyo tusibishane sana juu ya moyo wa marehemu. Tutazame mwaka 1960.

Mwaka huo Ryazan, iliyoahidi tani 180,000, haikuweza kutoa zaidi ya tani 30,000. Idadi ya ng'ombe katika mashamba ya pamoja ilishuka kwa asilimia 65 ikilinganishwa na 1958. Wanakijiji waliochukuliwa mifugo yao "kwa muda" walipoona hairudi, wakaanza kukataa kufanya kazi katika mashamba ya pamoja, na mavuno ya nafaka yakapungua kwa nusu hivi. Yaani mwaka mmoja baada ya nyota ya dhahabu, mkoa ulikuwa unatoa nyama pungufu kuliko ulipokuwa bado haujulikani na mtu.

Kufikia vuli mambo yalikuwa hayafichiki. Larionov alifariki Septemba 1960, bado akiwa katibu. Taarifa rasmi ilitaja moyo. Mjini ilisemwa kwamba alijipiga risasi ofisini kwake, na maelezo hayo ndiyo yaliyosambaa zaidi katika maandishi ya baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mwaka uliofuata Khrushchev aliwashukia vikali wanaodanganya katika ripoti, kana kwamba alikuwa akisikia habari hizo kwa mara ya kwanza, na makatibu wengi wa mikoa wakaondolewa. Mei 24, 1961 ikatolewa amri iliyofanya kuongeza takwimu za mpango kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 3. Mwezi uliotangulia, katibu wa kwanza wa Tajikistan, Tursun Uljabayev, alikuwa ameondolewa kwa kosa la kuongeza hesabu za pamba.

Mchangiaji wa tatu

Mbona basi Uzbekistan waliongeza hesabu za pamba kwa miaka mingi na bosi wao hakuguswa? Au amri hiyo haikufika huko?

Mleta mada, bandiko la 5

Sharof Rashidov alikuwa katibu wa kwanza wa jamhuri nzima na si wa mkoa, lakini ulinganisho wako ni halali. Alishika madaraka mwaka 1959, mwaka ule ule wa muujiza wa Ryazan, na akakaa hadi alipofariki mwaka 1983. Alipata cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa mara 2. Kesi kubwa ya pamba ilikuja kumlipukia akiwa kaburini.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni ya aina ya zao. Pamba iliyopo kwenye karatasi tu haimwachi mtu na njaa mara moja. Inapotea njiani kati ya ghala, kiwanda cha kuchambua na kiwanda cha nyuzi, kila mmoja akipokea chake ili akubali hesabu ya mwenzake, na mwaka unaofuata mbegu zinapandwa upya kama kawaida. Nyama ya Larionov ilitoka kwa wanyama ambao ndio waliotakiwa kuzaa nyama ya mwaka uliofuata, hivyo hesabu yake ilikuwa na uhai wa miezi 12 tu. Tofauti ya pili ni wakati. Khrushchev alikuwa mtu wa kampeni na wa kukagua mwenyewe, na Brezhnev aliyemfuata mwaka 1964 alipenda makada wake wasisumbuliwe.

Mchangiaji wa nne

Tusisahau waliolipa gharama. Juni 1, 1962 serikali ilipandisha bei ya nyama kwa wastani wa asilimia 30 na siagi kwa asilimia 25. Siku iliyofuata wafanyakazi wa mji wa Novocherkassk walioandamana walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 20, na wengine 7 wakauawa kwa kupigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Sisemi Ryazan peke yake ilisababisha hayo, kwa sababu serikali ilikuwa ikinunua nyama kwa wakulima kwa bei isiyofidia gharama, na hilo ni tatizo lililokuwepo kabla ya Larionov. Lakini mtu aliyesimama kwenye foleni ya nyama mwaka 1962 alikuwa ameahidiwa mwaka 1957 kwamba wakati huo atakuwa amempita Mmarekani.

Mchangiaji wa pili

Narudi na hesabu yangu, kwa sababu nimekaa nayo tangu jana.

Chukueni mtamba mmoja tu wa kolkhozi fulani ya Ryazan, aliyezaliwa masika ya 1959. Kama angeachwa hai, angepandishwa vuli ya 1960, angezaa majira ya joto ya 1961, na hapo ndipo maziwa yake ya kwanza yangefika kwenye ndoo. Ndama wake, kama ni dume, angefaa kuchinjwa mwanzoni mwa 1963. Kama ni jike, naye angezaa mwishoni mwa 1963 au mwaka 1964. Huyo mtamba wa 1959, ndugu zangu, alipelekwa machinjioni akiwa na miezi michache, labda akiwa na kilo 100 au pungufu, ili tani zitimie kabla ya Desemba.

Mkoa uliopoteza ng'ombe 65 katika kila 100 hauwezi kuwarudisha kwa amri wala kwa nishani. Ukibakiza majike yote, usiuze hata mmoja, na malisho yapatikane, ningekadiria miaka 6 au 7. Mleta mada, ukipata idadi ya ng'ombe wa Ryazan kwa mwaka 1966, iweke hapa tulinganishe.